Ujumbe wa Mwenye Mashine

Mtani wangu alipofariki, kazi ya kuchekesha watu msibani ilikuwa yangu. Wageni hawalielewi jambo hili, hasa hawa vijana wa ofisini waliohamia Tabora juzijuzi, kwa hiyo nilieleze kabla sijaendelea. Mimi ni Mzaramo. Babu yangu aliletwa huku na kazi ya reli, akaoa, akasahau njia ya kurudi pwani. Marehemu alikuwa Mnyamwezi. Sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakishuka pwani na mizigo begani na kupita kwetu Uzaramo. Mtu akifia njiani, mbali na mama yake na ndugu zake, aliyemzika ni mtani. Basi ikabaki hivyo mpaka leo. Kwenye msiba wao mimi natukana, naiga mwendo wa marehemu, nalala mbele ya jeneza na kugoma kuondoka mpaka nipewe changu, na hakuna anayeruhusiwa kunikasirikia. Kulia ni kazi yao. Mimi silii.

Kuna na jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Neno zito, lile ambalo mtu anaogopa kumwambia mkewe au mkwewe, hupewa mtani alipeleke. Mtani hulifunga ndani ya mzaha. Anayeambiwa akikubali, limekubaliwa. Akikataa, ulikuwa mzaha tu, hakuna aliyeaibika na watu wanaendelea kula pamoja. Nimepeleka maneno ya posa, ya mashamba, ya mume na mke waliotaka kurudiana na kila mmoja anaona haya kuanza. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Ujumbe mmoja tu niliuharibu, na niliuharibu makusudi.

Marehemu alikuwa na mashine ya kusaga hapa Chemchem, na cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya mashine hiyo. Fundi mwenye akili timamu asingekaa pale. Unga ulitoka mlangoni kama moshi, ukatua kwenye suti nyeusi za watu, na kila jioni nilikung'uta vitambaa huku nikimlaani yeye na babu zake wabeba mizigo. Naye alinijibu kwamba babu zake wangekuwa wavivu kama wangu, Wazaramo wangekuwa bado wamekaa wanangoja ngoma ianze. Lakini wateja wangu wote walitoka kwenye foleni ya mashine. Mwanamke anayengoja mahindi yake yasagwe hana la kufanya. Atatazama vitambaa, atauliza mshono, atakumbuka kwamba mwanawe hana kaptula ya shule. Sikuwa na mahali pengine pazuri kama pale, na nilijua hivyo.

Mwenyewe alikuwa mtu wa nyumbani. Sisemi hivi kwa sababu amekufa, maana mimi ndiye mtu wa mwisho anayetakiwa kumsifu. Shule zinapokaribia kufunguliwa, baba wengine huwatuma wake zao walete watoto kupimwa sare. Yeye aliwaleta mwenyewe, kawashika mikono, akawa ananishikia futi kamba upande wa pili na kunisumbua niache pindo refu kwa kuwa huyu anarefuka kama mpapai na yule anamfuata. Mkewe alipoleta chakula cha mchana walikula pamoja nyuma ya mashine, juu ya magunia ya pumba, kila mmoja akimsogezea mwenzake nyama, mpaka nikawa nawazomea kutoka barazani. Mkewe alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wa kwangu. Nikimtupia moja ananirudishia mbili. Nilimwita shemeji, yeye aliniita mtani, na siku asipokuja na chungu chake baraza ilipoa.

Sijui ni lini hasa mambo ya dini yalianza kumzidi. Alikuwa Mkristo kama wenzake, Jumapili kanisani, Jumatatu kwenye unga. Kisha siku moja alikuja mama mmoja na mahindi ya kusaga kwa ajili ya matanga ya mtoto wake. Mtani wangu akazima mashine. Foleni ndefu, jua kali, watu wananung'unika, naye kazima mashine na kusimama na yule mama, wamefumba macho wote wawili, nyusi zake nyeupe kwa unga. Alipoiwasha tena manung'uniko yalikuwa yamekwisha. Baada ya hapo wanawake wakaanza kuja na mahindi kidogo tu, kibaba kimoja cha kisingizio, ili waombewe. Nilimwambia afute maandishi ya ukutani aandike hospitali. Alicheka, lakini sikuona akicheka kama zamani.

Kisha alasiri moja akaniita nyuma, kwenye pumba. Alikuwa amekaa kama mtu aliyefiwa.

"Mtani," akasema, "naitwa."

"Kaitike," nikasema. "Ni mkeo huyo, ana njaa."

Hakucheka. Akanieleza. Alitaka kuiacha mashine, aende chuo cha Biblia, kisha akatumwe popote, hata vijijini kabisa, kwenye makanisa yasiyo na mchungaji kule njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Alikuwa ameshazungumza na wazee wa kanisa lake, nao walimpokea kwa furaha. Kilichobaki ni mkewe.

Hapo ndipo penye shida, na niliielewa kabla hajaimaliza. Yule mwanamke alikuwa binti wa mwinjilisti wa upande wa Nzega. Alikua akihamishwa kijiji hadi kijiji, akivaa nguo za watoto wa watu wengine, akilala na uji mwepesi wakati baba yake akiwaombea wengine wapate mavuno. Alipochumbiwa aliuliza swali moja tu, kama mwanamume huyu si mtumishi wa kanisa. Mtani wangu alijibu kwamba yeye ni mfanyabiashara. Kwa jibu hilo ndoa ikafungwa.

"Nikimwambia mwenyewe," akasema, "atakubali kwa kuwa mimi ni mumewe. Atakubali na moyo wake utakataa. Sitaki hivyo. Wewe mpelekee. Mwambie naitwa. Mwambie nakumbuka nilichomwahidi, kwa hiyo siendi mpaka yeye mwenyewe aridhie. Na akisema hapana, sitauliza tena maisha yangu yote."

Nikamwambia nimesikia. Maneno yale ninayo mpaka leo, moja baada ya jingine, kama alivyoyasema.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni mwangu, maana hakikuwa kizuri. Nilirudi kwenye cherehani, nikakanyaga, uzi ukakatika, nikaurudisha, ukakatika tena. Niliona baraza bila mashine. Niliona foleni imekwenda kwingine, na mimi nimekaa pale na vitambaa vyangu nikitazama barabara. Lakini hata hilo lilikuwa dogo. Nilikuwa nimezoea sauti yake. Sikuwa na rafiki mwingine niliyeweza kumtukana tangu asubuhi hadi magharibi na akaniletea michembe ya viazi vitamu na karanga jioni. Niliona kanisa linaninyang'anya, na nikakasirika. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilikasirika kama mtoto aliyenyang'anywa kitu chake.

Ujumbe wa namna ile unapelekwa pembeni. Unamkuta mtu peke yake, unatania kidogo, unamtazama machoni, na unanyamaza mahali panapotakiwa ili ajue kwamba chini ya mzaha kuna kitu. Mimi nilichagua Jumamosi, foleni imefika barabarani. Nilingoja shemeji atokee na chungu chake. Nikajifunika gunia la unga begani liwe joho, nikapanda juu ya debe, nikatangaza mbele ya wanawake wote:

"Shemeji, nimetumwa! Mumeo amechumbiwa na kanisa. Anataka kuhamia huko, nawe unaulizwa unasemaje."

Wanawake wakaangua kicheko. Wengine walishika mbavu. Shemeji akasimama na chungu chake, akaninyooshea mwiko.

"Mwambie aende salama," akasema, "ila mashine aniachie. Na kanisa likishindwa kumlisha, asirudi hapa kuniomba pumba."

Wakacheka zaidi. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikashuka kwenye debe, na alipokuwa akinipita kuingia ndani akapunguza mwendo. Uso wake haukuwa tena wa kucheka.

"Mtani," akasema polepole, "umetumwa kweli?"

Aliniuliza. Sina pa kujifichia hapo. Alijua desturi kuliko mimi, akasimama akanipa nafasi, na kama ningenyamaza tu angeelewa. Nami nikamjibu, "Nimetumwa na njaa, shemeji. Humo kwenye chungu mna nini?" Akatikisa kichwa, akatabasamu, akaingia ndani.

Jioni nilimkuta mtani wangu akibadilisha mkanda wa mashine. Hakugeuka.

"Amesemaje?"

"Amesema mashine umwachie."

"Alicheka?"

"Alicheka."

Akaendelea kuvuta mkanda mpaka ukakaa. Akajifuta mikono. "Basi," akasema, na hakuuliza tena, kama alivyokuwa ameahidi.

Miaka ikapita, na ilikuwa mingi. Naweza kusema sikulala usingizi, lakini ningekuwa mwongo. Nililala vizuri tu. Nilikuwa na baraza yangu, foleni yangu na rafiki yangu. Hatia ilinijia kwa vitu vidogo. Nikimuona amesimama mlangoni anatazama watu waliokuwa wakipita na Biblia zao kwenda mikutano, nilikanyaga cherehani kwa kasi. Sare za watoto wake nikawa nazishona kwa mshono wa mara mbili, na vifungo vya ziada navifunga ndani ya mfuko. Mke wangu akaniuliza kwa nini kaptula za wale watoto zinashonwa kama za askari. Nikamwambia ni watundu. Mashine nayo ilianza kumzeesha. Vumbi lilimwingia kifuani, akawa anakohoa, na utani wetu ukawa wa upande mmoja, mimi nasema na yeye anaitikia.

Mtoto wake wa mwisho alipomaliza shule, shemeji alikuja barazani na khanga za kupinda. Akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mtani, rafiki yako ana nini?" akasema. "Mtu yule moyo wake uko kanisani, kila mtu anauona. Nimengoja aniambie, haniambii. Au anafikiri bado mimi ni yule msichana aliyeogopa njaa? Angeniambia zamani ningemfungashia mwenyewe. Watoto tungewalisha tu, Mungu hakushindwa."

Gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka, nikalisimamisha kwa mkono. Pale ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, mashine imezimwa kwa kuwa umeme ulikatika, na barabara haikuwa na watu. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Muulize mwenyewe, shemeji. Mimi fundi tu."

Alimuuliza jioni ile ile. Asubuhi mtani wangu alikuja karibu anakimbia, mtu wa umri ule, kifua kinambana.

"Mtani, Mungu amemgeuza moyo! Yule aliyekataa, leo amenituma yeye mwenyewe. Ya zamani sikumkumbusha, nisimtie haya."

Alinikumbatia mbele ya wateja. Moyo wa mkewe haukuwa umegeuzwa na mtu. Ulikuwa vile vile tangu zamani, ila haukuulizwa. Nikamwambia aniachie, ananipaka unga.

Mashine ikauzwa. Chuo kilimpokea kwa shida kidogo kwa sababu ya umri, akasoma na vijana waliokuwa wakimwita babu. Alipokaribia kubarikiwa alinijia na kitambaa cheusi kwapani. Joho la uchungaji alitaka limshonwe na mimi, si na fundi mwingine yeyote. Nililishona vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona. Nilimwambia sasa ameshindwa kabisa, Mnyamwezi amevishwa joho na Mzaramo Mwislamu, huko mbinguni akiulizwa nani kamvisha ataje. Akasema atataja.

Siku ya kubarikiwa nilialikwa, nikasimama nje ya dirisha la kanisa na kofia yangu kichwani. Akaitwa atoe ushuhuda. Akasema kulikuwa na mlango uliofungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa miaka mingi, naye hakuuvunja, alingoja, na Bwana akaufungua kwa mkono wake. Watu wakaitikia amina. Shemeji alikuwa benchi la mbele, amevaa kitenge kipya, akaitikia amina kama wengine. Nadhani alifikiri mlango ni ile mashine iliyomfunga miaka yote. Kati ya watu wote waliokuwepo, ndani na nje, mimi peke yangu nilijua mlango ule ulifungwa na nani. Nilitoka pale kabla ya pilau.

Walimpeleka upande wa Urambo, kijiji kilichopo kwenye njia ile ya misafara, kanisa la miti na matope lenye waumini wachache. Nilimtembelea mara moja, nikapanda bodaboda kutoka kituoni, vumbi mpaka masikioni. Nilikwenda nikitumaini nitamkuta anajuta. Ndiyo, nilitumaini hivyo, niseme tu. Nilimkuta amekonda na anacheka. Alikuwa anafyatua matofali na waumini wake, suruali kaikunja, anaimba kwa Kinyamwezi, na shemeji anapika ugali wa watu wote huku akiwatukana wanaofyatua vibaya. Kifua chake kilikuwa kimepona unga. Watoto wa kijiji walimwamkia shikamoo wakikimbia, naye anaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akiwajua kwa sauti.

Tulikaa jioni tukila michembe. Akaniambia angependa kujenga na kanisa la kijiji cha pili, na cha tatu, lakini miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi, daktari anasema sukari.

"Ningeanza nikiwa na nguvu, mtani," akasema. "Ile miaka ya kati. Sijui Mungu alikuwa ananifundisha nini kwa kunichelewesha."

Alisema bila uchungu. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka jibu, kisha akanitazama. Jibu lilikuwa limekaa mbele yake linakula michembe yake. Nikasema Mungu alikuwa anaogopa kukosa unga. Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikaona haya nilivyoweza kumchekesha kwa urahisi namna ile.

Hakudumu. Mguu mmoja ukakatwa, akarudishwa mjini, akalazwa. Nilikwenda kila alasiri wakati wa kuwaona wagonjwa, na kila siku nilipokuwa njiani nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu. Nikifika namkuta amezungukwa na waumini. Siku niliyomkuta peke yake alikuwa wa kwanza kusema. Aliniambia, nikifa usije ukaanza kulia pale ukaniaibisha, fanya kazi yako. Nikaahidi. Baada ya kuahidi hivyo, yale mengine yakanikwama, kwa sababu angeyasikia akiwa amelala pale bila mguu, na angebaki nayo. Nilijiambia nanyamaza kwa kumwonea huruma. Sina hakika.

Alizikwa Itetemia, kwenye shamba la familia. Askofu alikuja, na wachungaji wengi wenye majoho. Mmoja wao alinifuata kabla mazishi hayajaanza, akaniomba kwa heshima kwamba leo utani tuupunguze, maana marehemu alikuwa mtumishi wa Mungu. Shemeji alisikia. Alikuwa amekaa mkekani, macho yamevimba. Akasema kwa sauti iliyofika kwa wote, "Mwacheni mtani. Hakuna mazishi hapa bila yeye."

Basi nikaingia kazini. Nilijipaka unga nyusi na ndevu. Nikatembea kama alivyotembea, kitumbo mbele. Nikamwombea mbuzi aliyekuwa akipita. Nikalala kando ya kaburi na kudai kwamba huyu mbeba mizigo hashuki mpaka anirudishie suti nyeusi zote alizoniharibia. Watu walianza kucheka kwa aibu, kisha wakacheka sawasawa, hata askofu akaficha uso kwa kitambaa. Ndipo nikafikiri: hapa. Hapa nina ruhusa ya kusema chochote na hakuna wa kuninyamazisha. Nikasimama mbele ya shemeji.

"Mumeo alinituma kwako," nikasema. "Zamani, wakati wa mashine. Alisema: mwambie naitwa, mwambie nakumbuka nilichomwahidi, siendi mpaka yeye mwenyewe aridhie. Mimi nikavaa gunia nikapanda kwenye debe. Ukaniuliza kama nimetumwa kweli, nikakuuliza chakula. Nikarudi nikamwacha aamini umekataa. Hukukataa. Mimi ndiye niliyemchelewesha, mimi hapa, kwa sababu ya baraza."

Sauti yangu ilitetemeka, na nadhani hiyo ndiyo iliyowamaliza. Waliona fundi mzee aliyepakwa unga anaigiza mtu anayetubu. Wanawake wa ile foleni ya zamani, waliokuwepo Jumamosi ile, ndio waliocheka kwa nguvu zaidi, wakikumbushana lile gunia. Shemeji alicheka mpaka akalazimika kushikwa. Alicheka na machozi yanamtoka, akipiga mkeka kwa kiganja, akaagiza nipewe jogoo ili niondoke kaburini. Nikapewa jogoo. Tukazika.

Mke wangu anasema huenda alielewa, akacheka ili anisitiri mbele za watu. Mke wangu ni mtu wa huruma. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, nilimtazama machoni, na hakukuwa na kitu mle ndani isipokuwa shukrani.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilivaa kanzu safi nikaenda nyumbani kwake. Sikuchukua gunia wala debe. Niliketi kitini kama mkwe, nikakataa kutania hata aliponichokoza mlangoni. Nikasema, "Shemeji, leo sitanii. Nisikilize."

Akaanza kucheka kabla sijamaliza. Akawaita binti zake waliokuwa wakianika mahindi uani, waje upesi, mtani anataka kuanza. Wakaja, wakakaa chini, wakifuta mikono kwenye khanga zao. Ningeweza kuondoka. Badala yake nilisema yote, polepole, bila kubadilisha sauti, ujumbe kama nilivyopewa na nilivyouharibu, mpaka swali lake na jibu langu kuhusu chungu. Binti mkubwa alicheka hadi akaegemea ukuta, akasema baba angekuwepo angefurahi.

Shemeji alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Akavuta pumzi, akaniwekea mkono begani kama dada.

"Mungu akuweke, mtani," akasema. "Hakuna mwingine anayenichekesha siku hizi." Kisha akatazama nje kwenye mahindi. "Lakini ingekuwa kweli, nisingekusamehe. Miaka yote ile aliyonitazama akifikiri nilimkatalia? Nisingekusamehe hata siku ya mwisho."

Akachukua birika, akauliza kama niongezewe chai. Nikasema ndiyo, nikanyoosha kikombe.